Mwenzi wa Pumzi

"Kuna shimo," Mwalimu alisema, akagonga stendi yake ya nota kwa kasha la miwani. "Palepale tena. Nani amelala?"

Wote tulikuwa tumelala kidogo. Jumamosi mchana, roshani ya kwaya imejaa joto la mabati, na mimi nilikuwa nimesimama tangu kabla ya jua, kwanza mbele ya tanuri la mikate, sasa mbele ya karatasi ya nota za mraba. Unga ulikuwa bado umeniganda kwenye kiwiko. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: mtu aseme tukae.

"Tangu mwanzo," akasema Mwalimu.

Alifundisha hesabu maisha yake yote. Alipostaafu alikuja kwetu na ugonjwa uleule: jibu lisipotoka, futa yote, anza upya.

Tukaanza upya. Ulikuwa wimbo wa kuingilia wa Misa ya Marehemu Wote, ambayo tungeiimba kesho yake asubuhi. Nyimbo hizi za Kigregori hazina mahali pa kujificha. Hakuna kinanda, hakuna ngoma, hakuna sauti ya pili wala ya tatu. Kwaya nzima inaimba mstari mmoja, wanawake juu, wanaume chini, kama watu walioshika kamba moja. Na katika wimbo ule kuna silabi iliyobebeshwa nota nyingi kiasi kwamba mapafu ya binadamu hayafiki mwisho wake. Dawa ni kupumua kwa zamu. Mwalimu alitupanga wawili wawili, jirani na jirani, akatuita wenzi wa pumzi. Mwenzako akivuta hewa, wewe unashika sauti. Wewe ukivuta, anashika yeye. Waumini kule chini wanasikia wimbo usiokatika na kudhani ni muujiza. Si muujiza. Ni kumsikiliza jirani.

Jirani yangu alikuwa Besi.

Jina lake la ubatizo nadhani hata Padri alikuwa amelisahau. Alikuwa fundi wa friji, mpole, mwenye mikono mikubwa na sauti inayotoka kwenye visigino. Mimi nina sauti nzito kwa mwanamke, ndiyo maana niliwekwa mwisho wa safu yetu, bega kwa bega na wanaume. Misa baada ya Misa nilisimama pale nikifanya kazi moja, kusikiliza anavyopumua. Nilijua siku ambayo mgongo unamuuma kwa kubeba kompresa. Nilijua ana mafua kabla yeye mwenyewe hajajua. Marehemu mume wangu nililala naye kitanda kimoja na kumzalia pacha, na sikuwahi kusikia anavyopumua mpaka siku alipoacha.

Tulifika kwenye ile silabi. Nilisikia kifua cha Besi kinaanza kupungua, nikajiandaa kushika. Kisha, sijui nini kilinipata, nikavuta hewa. Na yeye akavuta. Kona yetu yote ikanyamaza, kama taa iliyozimwa.

Mwalimu akainua kasha la miwani.

"Usigonge," alisema mama mkwe wangu kutoka safu ya mbele, bila kugeuka. "Shimo liko nyuma, kulia. Wawili wamevuta pamoja."

Mama wa marehemu mume wangu aliitwa Bibi Kwaya na parokia nzima. Aliimba Kilatini tangu enzi ambazo hakuna aliyeuliza maana yake, na sikio lake lilikuwa likiogopwa kuliko la Mwalimu.

"Mama Pacha," Mwalimu akaniita. "Besi. Ninyi ndio wenzi ninaowategemea. Mmeanza lini kupumua pamoja?"

Masoprano wakaangua kicheko.

"Jibuni basi! Hata sisi tunataka kujua."

"Besi, mwachie mwenzio hewa kidogo!"

"Waacheni, labda ni oksijeni imepungua upande ule."

Nilicheka nao, kwa sababu kutocheka kungekuwa kukiri. Besi aliangalia viatu vyake. Mama mkwe ndipo akageuka. Alitutazama juu ya miwani, mimi, yeye, tena mimi, kama mtu anayekagua mshono, halafu akarudisha uso wake mbele.

"Mapumziko," akasema Mwalimu. "Mnywe maji. Mfikirie dhambi zenu."

*

Besi alinikuta kwenye ngazi za mbao, nimekaa na kichwa kimeegemea ukuta.

"Mama Pacha."

"Naam."

"Lori la kiwanda linaondoka kesho baada ya Misa."

"Najua."

Kiwanda cha samaki, mji mwingine, mbali, kilikuwa kinamtaka akasimamie vyumba vyao vya barafu. Kazi ya kudumu na nyumba juu yake. Aliiomba mwenyewe, baada ya kuniambia neno lake kwenye ngazi hizihizi na mimi kukaa kimya. Wiki nzima nilikuwa nimekaa kimya.

Akakaa ngazi moja chini yangu. Hakunigusa. Besi hakuwahi kunigusa zaidi ya kunipokea karatasi za nota.

"Sitakusumbua," akasema. "Sina maneno mengi. Ukisema nibaki, nabaki, nawapigia simu watafute fundi mwingine. Ukisema niende, naenda, na kila la heri. Ila uniambie wewe. Nisije nikajiambia mwenyewe."

"Nimechoka, Besi."

"Nimekuuliza kama unanitaka. Umenipa hali ya afya."

Nikacheka bila kutaka, na kicheko kikanitia machozi, mambo ya mwili uliokosa usingizi.

"Unajua naamka saa ngapi?" nikamwambia. "Unajua nani anawaandaa pacha kwenda shule wakati mimi nachoma mikate ya watu? Yeye. Nani alinishika mkono makaburini nilipokuwa siwezi kusimama? Yeye. Nikulete wapi? Nyumba ni ya mama mkwe. Kiti cha mwanawe bado kiko mezani, na hakikaliwi."

"Nitakaa chini."

"Sina mchezo."

"Hata mimi sina. Nimekaa sehemu mbaya zaidi ya chini." Akasugua viganja vyake. "Friji yenu imepona?"

Jibu alilijua. Friji yetu ilikuwa imeacha kugandisha tangu Pasaka. Fundi pekee wa friji katika parokia alikuwa huyu hapa, na mama mkwe alikataa asikanyage kizingiti. Alisema friji imezeeka, iachwe ipumzike. Siku hizi tuliweka mashuka ndani yake. Maziwa tulinunua ya kunywa papo hapo.

"Mashuka yanaendelea vizuri," nikasema.

Safari hii yeye ndiye aliyecheka, kwa ile sauti yake ya chini, na nikaisikia mpaka kwenye ubao niliokalia. Alinitazama. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kuangalia ndani ya mashine gizani, hayana haraka. Mtu akikutazama hivyo na wewe umechoka, unataka tu kuweka kichwa chako mahali.

"Nyote wawili mna maji?" Mama mkwe alikuwa amesimama juu ya ngazi.

Besi akainuka haraka mpaka akagonga kichwa kwenye boriti. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alilitoa neno hilo kama mtu anayefunga dirisha. "Mwalimu anakuita ukamsaidie kuinua stendi ya kati. Ina kutu."

Haikuwa na kutu. Besi akapanda, akapita kando yake kwa adabu, na tukabaki wawili.

Alishuka taratibu, magoti yake yakilia. Akakaa palepale alipokuwa Besi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Hakuna kilichotokea, Mama."

"Sikuuliza kilichotokea. Nina masikio. Watu wanaoimba wanasikilizana. Watu wanaosahau kusikilizana kwa sababu wameshakuwa kifua kimoja, hilo ni jambo jingine. Nimeuliza tangu lini."

"Sijui. Polepole."

"Ameongea?"

"Ameongea. Anataka tuoane. Mimi sijajibu."

Kule juu tenori mzee alikuwa anakohoa na masoprano wanapiga soga.

"Padri hakatazi mjane kuolewa," akasema hatimaye.

"Najua, Mama."

"Nakataza mimi."

Nilimtazama.

"Usinitazame hivyo. Huyo fundi si mtu mbaya. Hanywi, hapigi kelele, anawahi mazoezi. Ningekuwa na binti ningempa. Lakini wewe si binti yangu, wewe ni mke wa mwanangu." Sauti yake, ambayo sikuwahi kuisikia ikitetemeka hata kwenye nota ya juu, ilitetemeka. "Mwaka mzima watu hawamtaji. Hata wewe humtaji, na sikulaumu, una mambo mengi. Siku moja tu jina lake linasomwa kanisani na sisi tunamwimbia apumzike. Wimbo ule ni wake. Na ninyi mmeutoboa."

Afadhali angenipiga.

"Kesho hautakuwa na shimo," nikamwambia.

"Tuone."

Akajishika kwenye reli, akainuka. Nilitaka kumsaidia, akausukuma mkono wangu, halafu akabadili mawazo akaushika. Tukapanda hivyo, mguu mmoja mmoja, kama vikongwe wawili.

Mazoezi yalipoisha nilimfuata Besi alipokuwa anakunja viti vya upande wa wanaume.

"Nenda," nikamwambia.

Aliendelea kukunja kiti. Kilikwama, akakifungua, akakikunja tena.

"Ni wewe unasema?"

"Ni mimi."

"Sawa." Akakiegemeza ukutani. "Kesho naimba, halafu naenda. Kwenye ile silabi, mimi nitavuta mapema, kabla haijapanda. Wewe vuta baada ya kushuka. Usinifikirie, hesabu tu."

"Wimbo huu hauhesabiki, Besi."

"Basi kaza moyo," akasema, akachukua kiti kingine.

*

Asubuhi kanisa lilijaa. Nilikuwa nimetoka tanurini moja kwa moja, nimenawa uso kwenye bomba la nyuma. Pacha wangu walikaa chini kwenye benchi la tatu, wamevaa soksi zisizofanana, maana bibi yao alikuwa amewaacha wajivalishe ili awahi roshani.

Nilimkuta amehama. Badala ya safu ya mbele, mahali pake pa miaka yote, alikuwa amesimama nyuma yetu, mgongo ukutani, katikati ya Besi na mimi.

Mwalimu alimtazama kwa mshangao. "Bibi Kwaya, vipi?"

"Mbele kuna upepo."

"Madirisha yamefungwa."

"Upepo ninaousikia mimi, Mwalimu. Endelea na kazi yako."

Nikajua amekuja kutulinda kama mwalimu wa zamu. Nikanyoosha mgongo. Besi hakunitazama wala sikumtazama. Chini, nje ya mlango wa pembeni, lori lilionekana, na juu ya mizigo sanduku lake la vyuma, lile la bluu, limefungwa kamba.

Padri alisoma majina ya marehemu kabla ya Misa kuanza, kama ilivyo desturi yetu. Yalikuwa mengi. Jina la mume wangu lilikuja katikati, kati ya watu wasiojuana naye, na likapita. Nyuma yangu nikamsikia mama yake akisema kwa sauti ndogo, "Yupo," kama mzazi anayemwitikia mwanawe shuleni.

Mwalimu akatupatia sauti ya kuanzia. Tukaanza.

Niliimba vizuri, nasema ukweli. Uchovu una faida yake, hauachi nafasi ya mbwembwe. Tulipita mstari wa kwanza, tukaingia wa pili, kamba imenyooka. Ile silabi ikaanza. Besi akavuta mapema kama alivyosema. Nikashika. Ikapanda. Akarudi, sauti yake ikaja chini ya yangu kama mkono chini ya sinia zito, na mimi sasa nilitakiwa nisubiri ishuke ndipo nivute.

Lakini nikafikiria kwamba ni mara ya mwisho. Jumapili ijayo nitasimama hapa na kando yangu patakuwa na tenori mzee anayekohoa. Hewa ikaniishia kabla ya kushuka, pale juu kabisa, mahali pasipo pa kuishiwa. Nikavuta. Na Besi, ambaye alikuwa na hewa ya kutosha, aliyetakiwa kushika, akasikia kifua changu kimekatika. Naye akakatika.

Nilingojea shimo.

Halikuja. Sauti ilikuwa pale. Nyembamba, kavu, ya mwanamke mzee, ikitoka ukutani nyuma yetu, imeshika nota ileile. Haikuwa nzuri. Ilikuwa inakwaruza kama mlango. Ikapanda ngazi ya mwisho peke yake, ikageuka, ikaanza kushuka, na nilisikia jinsi inavyomgharimu, nikasikia hewa yake inakwisha na yeye anaendelea, bila hewa, kwa ubishi tu. Mpaka Besi na mimi tukapata pumzi, tukaingia chini yake, na yeye akaachia.

Chini hakuna aliyegeuza kichwa. Mwalimu peke yake alifumba macho na kuyafumbua.

Misa ilipokwisha wenzetu walishuka. Besi alimwinamia mama mkwe, akasema, "Asante, Mama. Kwaheri," akaniinamia na mimi, akashuka. Nilisikia viatu vyake kwenye kila ubao.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha wanaume, mkono kifuani, midomo imepauka. Nikampa maji. Akanywa nusu.

"Usidhani ni kwa ajili yenu," akasema.

"Sidhani, Mama."

"Nilishika ili mwanangu asikatiziwe."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuja kusimama pale nikijua mtafanya vilevile. Nikasema, nitawasikia, nitawachukia, basi." Akavuta hewa, ikaingia vipande vipande. "Yule mwanamume alikuwa na pumzi. Nimemsikia. Angeweza kushika mpaka mwisho na kukuacha peke yako. Ameshindwa."

Akatazama chini, kupitia reli, pale pacha walipokuwa wanavutana soksi.

"Mwanangu alikuwa mtu mzuri," akasema. "Lakini alikuwa anasinzia kanisani."

"Alikuwa anakoroma, Mama."

"Alikuwa anakoroma." Kitu kama tabasamu kikapita usoni mwake, kikachoka, kikaondoka. Akanirudishia glasi. "Mimi sina mapafu ya kufanya hivi tena. Umenielewa? Mwakani nitakufa pale ukutani, na mtaniimbia na shimo."

"Nimekuelewa."

"Friji ile haigandishi tangu Pasaka."

Nilibaki na glasi mkononi.

"Unangoja nini?" akasema, kwa ile sauti anayotumia kuamsha pacha. "Nimechoka kunywa maji ya moto. Mwambie aje aiangalie. Na apite mlango wa mbele, kama watu."

Nilishuka zile ngazi vibaya. Nje injini ilikuwa inaunguruma, dereva ameshakaa, Besi ana mguu mmoja ndani na mmoja nje. Nilisimama mbele yake, na unga wangu, na glasi ya watu mkononi.

"Friji yetu haigandishi," nikasema.

Alinitazama kwa yale macho yasiyo na haraka. "Mama anajua umekuja kuniambia?"

"Ndiye aliyenituma."

"Na mashuka?"

"Tutayatoa."

Hakushuka. Alikuwa ameshika mlango wa lori.

"Hiyo ni kazi ya Mama," akasema taratibu. "Friji nitaitengeneza, hata kabla sijaondoka, ni kitu kidogo. Mimi nilikuuliza wewe swali. Bado sijajibiwa."

Dereva akapiga honi. Pacha wangu walikuwa wametoka, wamesimama mlangoni wanatazama, na juu kwenye dirisha la roshani niliona miwani ikimeta.

"Nimechoka, Besi," nikasema. "Kesho nitakuwa nimechoka, na keshokutwa. Sijui lini nitapata siku ambayo sijachoka nije nikujibu vizuri. Nakutaka. Nimechoka na nakutaka."

Akatoa ule mguu wa ndani ya lori. Akafunga mlango kwa kiganja, polepole, kama anavyofunga friji za watu.

"Ndugu yangu," akamwambia dereva, "nishushie lile sanduku la bluu."